Lillian Gish, fundi wa uso na mikono

Mkanda wa filamu wa mwaka 1912 ulikuwa hauioni rangi nyekundu. Ulishika buluu vizuri, kijani kiasi, nyekundu hapana kabisa. Kwa hiyo mdomo uliopakwa rangi nyekundu ulitoka mweusi ti, shavu lililoiva kwa jua lilitoka na madoa ya giza, anga la buluu lilitoka jeupe pe, na mtu mwenye macho ya buluu alitoka na macho yaliyopauka kana kwamba haoni. Wapigapicha wengine waliwatazamisha waigizaji wa namna hiyo kitambaa cheusi kilichotundikwa karibu na kamera ili mboni zipanuke na jicho lipate weusi kidogo. Lillian Gish, mwigizaji wa Marekani aliyevuma enzi za filamu bubu, yaani zisizo na sauti, alikuwa na macho ya buluu. Aliingia studio kwa mara ya kwanza mwaka huo huo wa 1912, akiwa na miaka 18, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kujifunza mkanda ule unataka nini.

Naanza na mkanda kwa sababu habari nyingi za Gish huanza na urembo wake: binti mwembamba, mpole, nywele ndefu, anayeteswa na wanaume hadi watazamaji wanalia. Picha hiyo si ya uongo, ila inaficha kazi iliyofanyika. Gish alikuwa fundi. Alijua lenzi, taa, kasi ya kamera, umbali wa mguu wake kutoka ukingo wa fremu, na alijua mwili wake unaweza kuvumilia nini na kwa muda gani. Ule udhaifu tunaouona kwenye kioo ulipimwa na kutengenezwa.

Alizaliwa Springfield, Ohio, tarehe 14 Oktoba 1893. Baba yake, James Leigh Gish, hakudumu na familia. Mama yake, Mary, akaingia jukwaani ili apate riziki, na binti zake wawili, Lillian na Dorothy, nao wakafuata. Lillian alianza mwaka 1902 katika mji mdogo wa Risingsun, Ohio, kwenye tamthilia iitwayo In Convict's Stripes. Tamthilia za aina hiyo zilizunguka mji hadi mji kwa treni, na mwigizaji mtoto alitakiwa asikike na aonekane hadi safu ya mwisho ya ukumbi. Mkono uliinuliwa juu, kilio kilikuwa kikubwa, hofu ilirudisha mwili mzima nyuma. Miaka kumi ya shule hiyo ilimpa pumzi na nidhamu. Ilimpa pia mazoea ambayo kamera ingemlazimisha kuyaacha.

Safari ya kwenye filamu ilianza kwa kumtafuta rafiki. Ndugu hao wawili walimtambua kwenye kioo cha sinema msichana waliyemfahamu jukwaani kwa jina la Gladys Smith, wakaenda kumuulizia kwenye studio ya Biograph, nambari 11 mtaa wa East 14th, New York. Huko Gladys alikuwa ameshakuwa Mary Pickford, nyota wa filamu. Mwongozaji D. W. Griffith aliwajaribu akina Gish papo hapo. Alishindwa kuwatofautisha, akawafunga utepe nywelani, buluu kwa Lillian na nyekundu kwa Dorothy, halafu wakati wa mazoezi akatoa bastola na kuifyatua ili aone hofu ya kweli inavyokaa usoni mwao. Alipenda alichokiona. Filamu yao ya kwanza, An Unseen Enemy, ilitoka mwaka huo huo. Ujira ulikuwa dola 5 kwa siku.

Filamu nyingi za Biograph wakati huo zilikuwa za mkanda mmoja, yaani futi 1000 za filamu ya milimita 35. Kila futi ina fremu 16. Kamera ilizungushwa kwa mkono, mizunguko 2 kwa sekunde, kila mzunguko ukipitisha fremu 8, hivyo futi moja ilikwenda kwa sekunde moja na hadithi nzima ikaisha ndani ya dakika 16 au 17. Ndani ya dakika hizo mtazamaji alitakiwa ajue nani ni nani, nani anampenda nani, na hatari inatokea wapi. Griffith hakufanya kazi kwa mswada ulioandikwa. Aliwafanyisha waigizaji mazoezi mfululizo hadi tukio likae kwenye urefu wake, ndipo kamera ikawashwa, maana mkanda uliopotea ulikuwa fedha iliyopotea.

Kosa la wazi la mwigizaji aliyetoka jukwaani ni kubaki na ishara kubwa hata kamera inaposogea. Mkono unaotosha kwa mtu anayeonekana mwili mzima ndani ya fremu unakuwa kofi machoni pa mtazamaji kamera ikifika kifuani. Gish alilielewa hilo mapema kuliko wengi. Kwenye The Mothering Heart ya 1913, akiwa na miaka 19, anaigiza mke aliyesalitiwa na kufiwa na mtoto. Anatoka bustanini, anachukua fimbo, anaanza kuchapa maua. Uso hausemi mengi. Mikono ndiyo inayosema. Ukiitazama ukizingatia umri wake, unaona tayari anajua kuigawa hisia: kiasi machoni, kiasi mabegani, kiasi kwenye kitu alichoshika.

Kisha kuna The Birth of a Nation ya 1915, na haifai kuiruka. Ni filamu iliyolitukuza kundi la wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan na kuwatukana Wamarekani weusi kwa saa tatu, nyingi ya nafasi zao zikichezwa na wazungu waliopakwa rangi nyeusi. Chama cha NAACP, kinachotetea haki za Wamarekani weusi, kilipambana ili ipigwe marufuku. Mwaka huo huo Klan ilifufuliwa juu ya mlima wa Stone Mountain, Georgia. Gish alicheza Elsie Stoneman, na hofu yake mbele ya mwanamume chotara anayetaka kumuoa kwa nguvu ndiyo inayowaleta wapanda farasi wa Klan kama waokoaji. Ufundi ule ule ninaousifu hapa ndio ulioupa uongo ule nguvu ya kuaminika. Mwigizaji mbovu angeudhoofisha. Gish alimtetea Griffith hadi uzeeni. Mwaka 2019 chuo kikuu cha Bowling Green, Ohio, kiliondoa jina la akina Gish kwenye ukumbi wake wa sinema baada ya wanafunzi weusi kulalamika. Wasanii wengi wakubwa walipinga uamuzi huo. Naona wanafunzi walikuwa na haki ya kutolazimishwa kuketi chini ya jina lile, na naona pia kazi zake zilizobaki lazima zisomwe. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja kwa shida, lakini ndivyo yalivyo.

Broken Blossoms ya 1919 ndiyo ninayomwambia mtu aanze nayo. Gish alikuwa na miaka 25, anacheza Lucy, msichana wa miaka 15 anayepigwa na baba yake bondia huko Limehouse, London. Katika hadithi iliyotumika msichana alikuwa na miaka 12, umri ambao Gish aliona hauwezekani kwa mwanamke wa kimo chake, ukapandishwa. Utamwona anavyojipunguza: mabega yameingia ndani, shingo imefupishwa, miguu inaburutwa, magoti hayanyooki. Mtoto aliyezoea kupigwa hutembea akijiandaa kupigwa tena, na mwili wote wa Gish unasema hivyo kabla kadi ya maandishi, ile inayoonyeshwa katikati ya picha badala ya sauti, haijasema neno.

Halafu kuna lile tabasamu. Baba anamwamuru Lucy atabasamu. Hajui afanyeje, anaweka vidole viwili pembeni mwa mdomo na kuusukuma juu. Ishara hiyo aliibuni Gish mwenyewe. Ufundi wake uko kwenye macho: mdomo unapanda, macho hayapandi nao. Waigizaji wengi waliojaribu kitu cha namna hii walikosea kwa kuacha uso mzima ushiriki, na tukio likawa kichekesho.

Tukio la kijistoo ndilo lililompa jina. Baba anavunja mlango kwa kishoka, Lucy yuko ndani, hakuna pa kukimbilia. Gish anazunguka. Anazunguka tena, ukutani, mlangoni, ukutani, mikono ikipapasa mbao, mdomo wazi. Hakulifanyia mazoezi mbele ya Griffith, akalitoa mara ya kwanza kamera ikizunguka. Angalia jinsi anavyotumia ufinyu: mizunguko inaanza mipana kidogo na inazidi kubana, hivyo kuta zinaonekana kusogea ingawa hazikusogea. Filamu nzima ilipigwa kwa siku 18, baada ya mazoezi ya wiki kadhaa, na Gish alikuwa ametoka kuugua homa kubwa ya mafua ya 1918. Tatizo la filamu hii nalo lisemwe: Richard Barthelmess, mzungu, anacheza Mchina kwa kukunja macho na kuinamisha kichwa. Anacheza kwa upole, lakini ni kinyago tu.

Picha za karibu za uso wa Gish katika filamu hiyo zina ulaini ambao mpigapicha mkuu, Billy Bitzer, hakuwa nao kwenye kazi zake za awali. Ulitoka kwa Hendrik Sartov, mpigapicha wa picha za mnato. Gish alipigwa picha naye, akaona lenzi yake inavyolainisha kingo na kuacha mwanga umwagike kidogo kuzunguka nywele, akampelekea habari Griffith. Sartov akaajiriwa. Baadaye kila studio ilitaka mwanga wa namna ile kwa nyota wake. Ni mwigizaji aliyeileta lenzi studioni.

Mwaka uliofuata ilikuja Way Down East. Griffith alinunua haki za tamthilia hiyo kongwe kwa dola 175,000, fedha nyingi mno kwa hadithi ambayo hata waigizaji wake waliiona imechakaa: msichana wa kijijini anadanganywa kwa ndoa ya uongo, anazaa, mtoto anakufa, anafukuzwa nje kwenye theluji. Kilichoiokoa ni theluji yenyewe. Griffith alikuwa na studio Mamaroneck, kando ya bahari nje kidogo ya New York, na Machi 1920 ilipokuja dhoruba ya kweli watu wote walitoka nje. Gish alisimulia kwamba wanaume watatu walilala chini wakishikilia miguu ya kamera isipeperuke, na moto mdogo uliwashwa chini yake ili mafuta ya mitambo yasigande. Barafu ilijenga kwenye kope zake. Griffith alitaka picha ya karibu kabla haijayeyuka, ikapigwa, na iko kwenye filamu: zile si kope za studio.

Mto wa barafu ulipigwa White River Junction, Vermont. Barafu ilikuwa nene, ikakatwa kwa misumeno na kulipuliwa ili mapande yaanze kuelea. Gish, aliyezimia kwa mujibu wa hadithi, analala juu ya pande moja linalokwenda na maji. Yeye ndiye aliyependekeza mkono wa kulia na nywele viburutwe majini. Ukifikiria utaona kwa nini: mwili uliolala bila kusogea juu ya barafu, ukitazamwa kutoka ukingoni, ni furushi tu la nguo. Mkono unaochora mstari majini unaonyesha kasi ya mto, unaonyesha ubaridi, na unaonyesha kwamba mtu huyu hana fahamu, maana mwenye fahamu angeutoa. Mambo matatu kwa ishara moja. Kwa maelezo yake mwenyewe alilala hivyo takriban mara 20 kwa siku kwa wiki tatu. Nywele ziliganda. Vidole viliharibika mishipa, na vilimsumbua kwenye baridi maisha yake yote. Maporomoko makubwa yanayomsubiri mbele hayapo mahali pale. Yameungwa na uhariri. Lakini Barthelmess, anayecheza mwokozi wake, akiruka pande hadi pande na koti zito ni yeye kweli, na mkono ule ni wa Gish.

Kabla tu ya dhoruba hiyo alikuwa amefanya jambo ambalo laiti tungeliona. Griffith alisafiri kwenda Florida, akamwachia aongoze filamu mwenyewe, na papo hapo asimamie kugeuza jumba la Mamaroneck kuwa studio. Filamu iliitwa Remodeling Her Husband, 1920, nyota akiwa mdogo wake Dorothy. Jengo halikuwa na joto la kutosha, na pumzi za waigizaji zilionekana kama moshi katika matukio yaliyotakiwa kuwa ya ndani ya nyumba, hivyo kazi ikahamishiwa studio nyingine huko New Rochelle. Aliimaliza. Hakuongoza tena. Filamu hiyo imepotea kabisa.

Kupotea huko kuna sababu za kikemia na za kibiashara. Mkanda wa zamani ulikuwa wa naitreti, jamii moja na baruti. Ukikaa vibaya unaanza kutoa harufu kali, picha inafifia, unanata, unatoa povu, mwisho unakuwa unga wa kahawia. Ukiwaka hauzimiki kwa maji, kwa kuwa hutoa oksijeni yake wenyewe. Joto la ghala mnamo Julai 1937 liliteketeza hazina ya filamu za kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, usiku mmoja. Na filamu bubu zilipokosa soko, kampuni nyingine ziliyeyusha mikanda ili zipate madini ya fedha yaliyomo kwenye utando wake wa picha. Uchunguzi wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliotolewa 2013 ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za Marekani hazipo tena popote. Gish alitumia miaka mingi ya uzee wake kuzungumza hadharani juu ya uhifadhi, na alikuwa na sababu.

Baada ya Orphans of the Storm, 1921, aliachana na Griffith kwa wema. Griffith mwenyewe alimwambia akatafute mshahara unaomstahili. Alikwenda Italia kupiga The White Sister na Romola. Mwaka 1925 studio ya MGM ya Hollywood ikampa mkataba wa filamu sita kwa dola 800,000, pamoja na sauti katika kuchagua hadithi na waongozaji. Kwa La Bohème alimchagua King Vidor. Vidor alisimulia kwamba ili afe kwa kifua kikuu mbele ya kamera, Gish alikaa siku tatu bila kunywa kitu, akaweka pamba mdomoni midomo ikauke kweli, na akaizuia pumzi kwa muda mrefu hadi mwongozaji akaogopa kwamba amekufa. Sishauri mtu yeyote afanye hivyo. Nataja tu ili ionekane alivyofikiri: midomo mikavu inaonekana kwenye picha ya karibu, basi iwe mikavu.

The Wind ndiyo kilele. Gish alikisoma kitabu cha Dorothy Scarborough, akaandika muhtasari wa kurasa nne, akaupeleka kwa Irving Thalberg, mkuu wa utayarishaji wa MGM, akaomba Victor Sjöström aongoze na Lars Hanson acheze mume. Ilipigwa 1927 katika jangwa la Mojave kwenye joto la takriban nyuzi 49. Upepo ulitoka kwenye mapangaboi manane ya ndege, yakirusha mchanga na unga wa mbao, huku moshi ukifukizwa ili hewa ionekane nzito. Wafanyakazi walivaa miwani ya kuzibia na vitambaa usoni. Yeye hakuweza, alikuwa mbele ya kamera. Aliungua kiganja kwa kushika kitasa cha mlango kilichokaa juani. Mkanda nao ulileta taabu yake: joto lilitishia kuachanisha utando wa picha na plastiki, ikabidi uhifadhiwe kwenye barafu hadi usafishwe.

Tukio la kutazama kwa makini ni la karibu na mwisho. Letty, mhusika wa Gish, amemuua mwanamume aliyembaka, amemzika mchangani nje ya nyumba, na upepo unaanza kuufukua mwili. Yeye yuko dirishani. Gish karibu hasogei. Macho yanakwenda nje, yanarudi, yanakwenda tena. Vidole vinapanda kwenye kioo na kuteremka. Mwaka 1913 hasira ilihitaji fimbo na bustani nzima. Hapa wazimu mzima umekaa kwenye inchi chache kati ya kidole na kioo.

Filamu ilicheleweshwa, ikatoka Novemba 1928 filamu za sauti zikiwa zimeshavamia, na haikufanya biashara. MGM walikuwa na nyota mpya, Greta Garbo. Gish aliandika kwamba waliwahi kumshauri watunge kashfa ili watu wamzungumze, alikataa. Alirudi jukwaani: Uncle Vanya mwaka 1930, Ophelia kwa Hamlet ya John Gielgud mwaka 1936. Filamu zilimrudia kwa vipande: kuteuliwa kuwania Oscar kwa Duel in the Sun, bunduki mapajani kwenye The Night of the Hunter ya 1955, Oscar ya heshima 1971, na The Whales of August ya 1987 pamoja na Bette Davis, akiwa na miaka 93. Alifariki New York tarehe 27 Februari 1993, akikaribia miaka mia.

Ukitaka kumtazama leo, angalia kasi kwanza. Filamu hizi zilipigwa kwa fremu 16 hadi 20 hivi kwa sekunde, lakini nakala nyingi za mtandaoni zimehamishwa kwa fremu 24, ndiyo maana watu wanatembea kama wanakimbizwa na uigizaji unaonekana wa kupapatika. Pima kwa maji, sketi na mtu anayeshuka ngazi. Vitu hivyo havidanganyi. Vikienda mbio, shusha kasi ya kichezeshi hadi 0.75, ambayo inageuza fremu 24 kuwa 18. Usishushe kwenye nakala zilizofanyiwa ukarabati mzuri, nyingi zimesharekebishwa, na jihadhari kwamba urefu wa filamu moja unaweza kutofautiana nakala hadi nakala kwa sababu hiyo hiyo. Tafuta nakala yenye rangi za awali zilizotiwa kwenye mkanda, pale ilipo: buluu kwa usiku, kaharabu kwa mwanga wa taa. Bila buluu, matukio mengi ya usiku yanaonekana ya mchana, kwa sababu yalipigwa mchana.

Muziki pia. Filamu bubu haikuonyeshwa kimya. Ukumbi mdogo ulikuwa na piano, mkubwa ulikuwa na okestra, na Broken Blossoms ilitungiwa muziki wake na Louis Gottschalk. Nakala nyingi za bure zimebandikwa nyimbo za piano zisizohusiana na kinachoendelea, nyingine za uchangamfu katikati ya kipigo. Ukikutana na hiyo, zima sauti kabisa. Kwa The Wind ipo nakala yenye muziki wa Carl Davis, na hiyo iweke kwa sauti ya juu.